Siku Hewa Haikupimwa

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama haijaanza kulia, Chiriku alikuwa ameshatumia maneno ya kuwatosha watu watatu kwa siku nzima. Alizungumza akifagia, alizungumza akideki, alizungumza hata akipiga mswaki, jambo ambalo si rahisi, ukibisha, jaribu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Mtaani na shuleni aliitwa Chiriku, kwa sababu chiriku ni ndege mdogo asiyejua kunyamaza, na yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye tatizo hilohilo.

Msikilizaji wake mkuu alikuwa mdogo wake wa miaka mitatu, aliyeitwa Kibonge kwa ajili ya mashavu yake. Hakuna jirani aliyepita mlangoni bila kuyabinya. Lakini asubuhi moja Kibonge alilisukuma bakuli la uji, akajikunja na kushika tumbo.

"Kula, bwana mkubwa," Chiriku alimbembeleza. "Kijiko kimoja cha mama, kimoja cha dada, kimoja cha..."

"Sitaki!"

"Mama, Kibonge hali tena!"

"Ni minyoo hiyo," mama alijibu huku akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Alikuwa fundi wa sare za shule, na sketi kumi zilikuwa zikimngoja. "Nitampa dawa. Wewe nenda, kengele haina undugu na mtu."

Chiriku alikwenda, akizungumza njia nzima. Safari yenyewe ilikuwa fupi, maana nyumba yao ilikuwa nyuma ya shule. Na nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya ukuta wa matofali, kulikuwa na yadi ya betri. Malori yalimwaga pale betri kuukuu za magari, wanaume wakazipasua kwa shoka, na madini ya risasi yaliyokuwa ndani yakayeyushwa kwenye tanuri ili yauzwe tena. Bomba la tanuri lilitoa moshi wa kijivu. Siku ambazo upepo ulielekea shuleni, wanafunzi walihisi ladha ya msumari mdomoni. Wazazi walikuwa wamelalamika mara nyingi, lakini mwenye yadi alikuwa na jibu moja tu. "Mmepima?" aliwauliza. Hapo wote walinyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima.

Siku hiyo, darasa la sita lilimkuta mgeni amesimama mbele na kofia ngumu ya pikipiki kwapani. Alikuwa mama mmoja mwembamba, mtaalamu kutoka maabara, na kazi yake ilikuwa kupima hewa. Wanafunzi wakamwita Mpimaji kabla hata hajafungua mdomo.

"Sumu ya risasi haionekani," aliwaambia. "Ni vumbi laini kuliko unga. Ukilivuta, linakwenda kwenye damu, na kwa mtoto mdogo linaharibu tumbo, nguvu na akili. Huwezi kulijua kwa kunusa. Lazima upime."

Akafungua sanduku la bati. Ndani mlikuwa na pampu ndogo iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Pampu ilivuta hewa kupitia karatasi ya chujio, nyeupe na ya duara, ndogo kama mfuniko wa chupa. Vumbi lilinaswa kwenye karatasi, nayo karatasi ilipelekwa maabara. Pembeni mlikuwa na bomba jembamba la kioo lenye kigololi kinachoelea ndani yake. Kigololi kikiwa kwenye mstari wa kumi, pampu inavuta hewa kama inavyotakiwa.

"Kila asubuhi mtu mmoja atabadilisha karatasi kwa kibano hiki, bila kuigusa kwa vidole," Mpimaji alisema. "Ataitia ile ya jana kwenye bahasha, ataandika saa, ataandika kigololi kiko wapi. Sanduku litakaa juu ya mnara wa tangi la maji, lisichezewe na mtu. Nani si mwoga wa kupanda?"

Kijana mmoja aliyeitwa Miwani, kwa sababu ambayo huhitaji kuelezwa, aliinua mkono. Lakini Chiriku alikuwa ameshasimama juu ya benchi.

"Miwani akipanda, miwani itafika chini kabla yake!" alisema. Darasa likaangua kicheko. "Mimi siogopi kitu. Hata mwezini nipelekeni."

Miwani akashusha mkono. Chiriku akapewa kazi.

Sasa, ule mnara. Kutoka chini ulionekana mfupi. Ngazi yake ya chuma ilikuwa na vipandio kumi na vinne, vyote vimeliwa na kutu. Siku ya kwanza Chiriku alipanda huku Mwalimu wa Sayansi akimtazama, na akashuka akitabasamu. Siku ya pili alipanda peke yake. Siku ya tatu kulikuwa na manyunyu. Alipofika kipandio cha tisa, mguu ukateleza.

Hakuanguka. Alining'inia kwa mikono, viatu vikipapasa hewa, na chini akaona sakafu ya saruji na mfereji wa maji machafu. Akataka kupiga kelele. Kwa mara ya kwanza maishani, sauti haikutoka. Mguu ulipopata kipandio, aliteremka akiwa amekumbatia ngazi kama mtoto anavyomkumbatia mama, akakaa chini ya mnara mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyemwona.

Kesho yake alifika mpaka chini ya ngazi, akashika kipandio cha kwanza, na miguu ikakataa. Ilikataa kabisa, kama punda aliyeona daraja. Angeweza kwenda kwa mwalimu na kusema neno moja: naogopa. Lakini mtu aliyesimama juu ya benchi akadai hata mwezini apelekwe, neno hilo atalitolea wapi?

Akachukua karatasi mpya, safi, akaitia kwenye bahasha ya jana. Kisha akaiona ilivyo nyeupe, akaogopa zaidi, kwani hata mjinga angejua. Kwa hiyo akaiweka juu ya kabati la darasa, penye vumbi kidogo, na kuichukua baada ya siku nzima. Kwenye fomu akaandika saa moja na nusu. Kigololi, kumi.

Alifanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Juu ya mnara pampu ilinguruma usiku na mchana na karatasi ileile ya siku ya pili, na chini Chiriku aliandika kumi, kumi, kumi. Mpimaji alikuwa na shule saba za kuzungukia na pikipiki moja; alipita kila Ijumaa, akachukua bahasha kwa Mwalimu wa Sayansi, akaondoka mbio.

Mtu wa kwanza kumtia Chiriku baridi mgongoni alikuwa Miwani.

"Hebu nione mikono yako," alisema siku moja wakinawa bombani.

"Ya nini? Wewe daktari?"

"Siku zile za kwanza ilikuwa na kutu kila asubuhi. Uliifuta kwenye sketi yako, na tukakucheka. Siku hizi mbona misafi?"

"Ninavaa soksi mikononi," Chiriku alisema haraka.

"Soksi gani?"

"Soksi za miguuni, zinatoka wapi nyingine? Kwani umeajiriwa kukagua soksi?"

Miwani alisukuma miwani yake juu ya pua na kumtazama. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Chiriku alisugua viganja vyake kwenye ngazi ili vipate kutu, na soksi akasema zimetoboka. Uongo ni mtoto mlafi. Huyu wa Chiriku alidai chakula kipya kila siku.

Baada ya wiki tano majibu yakatoka. Mwalimu Mkuu aliyasoma mstarini, kifua mbele. Risasi iliyopatikana kwenye karatasi ilikuwa kidogo sana. Hewa ya shule ilikuwa salama. Karatasi ya majibu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na Chiriku akaitwa mbele apigiwe makofi. Sanduku likabaki mnarani, Mpimaji akiwa hajapata nafasi ya kulishusha.

Alisimama pale akitabasamu kwa meno tu. Makofi yalimwingia masikioni kama mvua ya mawe.

Mwenye yadi hakuchelewa. Alipata nakala ya majibu, akaibandika getini kwake, na wiki ileile akawasha tanuri la pili. Wazazi waliolalamika waliambiwa wanyamaze, mbona kipimo kimeshasema? Sasa ladha ya msumari ilikuwepo hata siku zisizo na upepo.

Na Kibonge, mashavu yake yalikuwa yamekwisha kama kipande cha sabuni. Alikuwa akilala mchana kutwa kwenye mkeka chini ya cherehani, akiamka kulia tumbo tu. Alikuwa amejua kuhesabu mpaka kumi. Sasa alifika nne na kusahau. Chiriku alipomwimbia, alimtazama kama anamtazama mtu wa mbali.

Jumatano moja asubuhi, Kibonge alitapika mara tatu. Mama akafunga cherehani, akambeba mgongoni, akamwambia Chiriku achukue maji na kitambaa wafuatane zahanati.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimpapasa Kibonge tumbo, akamtazama fizi na kope kwa ndani.

"Amepauka sana. Dawa ya minyoo amepewa?"

"Mara mbili, daktari."

"Mama, mnakaa karibu na mahali panapofanyiwa kazi ya rangi, au betri?"

Chiriku akaibana chupa ya maji kifuani.

"Kuna yadi ya betri nyuma yetu," mama alisema. "Hata mimi niliifikiria hiyo. Lakini hewa imepimwa, daktari. Wiki tano! Na aliyepima ni binti yangu huyu hapa. Majibu yapo ubaoni shuleni, hewa ni salama." Akamgusa Chiriku bega kwa fahari. Ndilo jambo lililomuuma zaidi, ule mkono.

Daktari aliweka kalamu chini. "Nilitaka kutuma damu yake maabara ya mbali wakatazame risasi. Majibu huchukua siku nyingi, na vichupa nilivyo navyo ni vichache. Kama hewa ni safi, basi tuanze na mambo mengine. Tutatazama maji mnayokunywa. Rudini baada ya wiki mbili."

Wiki mbili. Chiriku alifungua mdomo. Maneno yalijaa shingoni, yakasongamana mlangoni, hakuna hata moja lililotangulia.

"Wewe una nini?" mama alimwuliza nje. "Leo umemeza ulimi? Haya, nenda shule, usikose vipindi vyote."

Alikwenda shule, lakini darasani hakufika. Miguu ilimpeleka chini ya mnara. Alijiambia kwamba pengine hewa ni safi kweli. Pengine karatasi iliyoko juu ni nyeupe, na wala hakuna haja ya kumwambia mtu. Akaona afadhali apande akatazame.

Akashika kipandio cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tano alifumba macho, na ikawa mbaya zaidi, kwa hiyo akayafumbua. Kwenye cha tisa alisimama. Mikono ilitetemeka mpaka ngazi nayo ikaanza kulia.

"Chiriku!" Sauti ilitoka chini. Ilikuwa ya Miwani, aliyetumwa kuchukua chaki. "Wewe, unalia?"

"Siwezi kupanda! Siwezi kushuka!"

Hakucheka, ingawa alikuwa na haki ya kucheka kwa wiki tano mfululizo. Alitupa chaki, akaishika ngazi kwa mikono miwili na kuikaza. "Haitikisiki tena. Usitazame chini. Tazama kutu mbele ya pua yako, uniambie ina rangi gani."

"Ya... ya kahawia."

"Haya, panda kimoja. Hiyo nyingine?"

"Kahawia, Miwani! Zote ni kahawia!"

"Basi huna jipya la kuogopa. Panda."

Alifika juu akitambaa kwa tumbo. Alifungua sanduku. Kigololi hakikuwa kwenye kumi. Kilikuwa kimelala chini kabisa, kama kitu kilichokata tamaa, kwa sababu pampu ilikuwa inavuta na hewa haipiti. Akafungua kishikio cha karatasi.

Ilikuwa nyeusi. Si kijivu, bali nyeusi kama kitako cha sufuria, na ilikuwa na tabaka la unga uliong'aa kidogo juani. Chiriku aliinua macho. Kutoka pale aliona kile ambacho chini hakikuonekana: moshi wa matanuri mawili ulitoka, ukainama, ukapita juu ya ukuta, ukalala juu ya bati la nyumba yao kabla ya kufika shuleni. Chini ya bati lile ndiko Kibonge alikokuwa akilala mchana kutwa.

Hapo hofu ikageuka. Kuanguka hakukuwa kitu tena. Aliichukua karatasi kwa kibano, akaitia kwenye bahasha, akashuka.

Mwalimu wa Sayansi alikuwa ofisini akisahihisha madaftari. "Karibu, redio ya darasa," alitania. "Leo taarifa gani?"

Chiriku alisimama. Kimya. Mwalimu akaondoa tabasamu, kwani alijua radi inapokosa ngurumo kuna tatizo.

"Mwalimu, sikupima."

"Leo hukupima?"

"Tangu siku ya tatu. Niliteleza. Niliogopa kupanda tena. Karatasi zote nilizowapa zilikaa juu ya kabati." Maneno yalikuwa yameshapata njia, yakawa hayazuiliki. "Na kumi zote nilizitunga. Na mdogo wangu anaumwa, na daktari ameacha kumpima damu kwa sababu yangu, na karatasi ya kweli ni hii."

Mwalimu aliichungulia bahasha. Uso wake ukafifia. Chini ya kila fomu kulikuwa na sahihi, na sahihi hiyo ilikuwa yake. Chiriku alisubiri fimbo, alisubiri kufukuzwa, alisubiri lolote.

"Kaa chini," mwalimu alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Akachukua simu. Kwanza alimpigia Mpimaji, kisha akauliza namba ya zahanati. "Twende kwa mama yako. Utamwambia mwenyewe. Mimi nitasimama karibu."

Safari ile fupi ilikuwa ndefu kuliko zote. Mama alisikiliza akiwa ameshika mkasi. Chiriku alipofika mahali pa kabati, mama aliuweka mkasi mezani taratibu sana. Hakumpiga wala hakufoka. Alimwinua Kibonge kutoka kwenye mkeka, akamfunga mgongoni, akaenda zahanati karibu anakimbia, bila kumtazama binti yake hata mara moja. Chiriku angependelea fimbo.

Damu ilitolewa alasiri ileile. Mpimaji aliipeleka maabara kwa pikipiki yake mwenyewe ili isisubiri gari, pamoja na karatasi nyeusi. Zilifuata siku tisa. Sijui kama umewahi kusubiri jambo kwa siku tisa huku kosa likiwa lako. Chiriku hakuzungumza na ndoo wala sufuria. Usiku alisikiliza kama Kibonge anapumua. Asubuhi alipanga sare zilizoshonwa, akapiga pasi, akafuta vumbi kila mahali kwa kitambaa kibichi kama daktari alivyoelekeza, na mama alimwambia tu "lete" na "weka pale."

Siku ya kumi daktari aliwaita. Damu ya Kibonge ilikuwa na risasi nyingi, mara kadhaa ya kiwango cha hatari.

Mama akashika ukingo wa meza. "Atakufa?"

"Hapana, mama," daktari alisema. "Tumemwahi. Lakini nisikufiche, wiki mbili nilizokupa zingekuwa mbaya, na mwezi ungekuwa mbaya sana. Ataanza dawa leo, na leo hii ahame hewa ile."

Kibonge na mama wakahamia kwa mama mdogo, upande wa pili wa mji, cherehani ikabebwa na mkokoteni. Chiriku alikwenda nao, akawa anatembea saa nzima kufika shule. Hakulalamika hata hatua moja, na kwa mtu wa mdomo wake hiyo ni habari. Watoto wengine wa mtaa wakatolewa damu. Kumi na wanne walikuwa na sumu hiyohiyo. Mpimaji alirudi na mashine mbili na kupima upya siku kumi mfululizo, yeye mwenyewe. Safari hii mwenye yadi alipouliza "Mmepima?" alikabidhiwa majibu, na pamoja nayo amri ya kuzima matanuri yote mawili na kuyahamisha mbali na makazi ya watu.

Wiki ya tatu ya dawa, Kibonge aliamka asubuhi, akatazama bakuli la dada yake, akasema, "Nataka na hilo." Chiriku alimpa, akatoka nje, akalia nyuma ya choo ambako hakuna mtu.

Mpimaji alirudi darasa la sita kabla muhula haujafungwa. Chiriku alijikunja nyuma ya aliyeketi mbele yake. Alikuwa ameshapewa adhabu: kufagia maabara ya shule muhula mzima na kutogusa kipimo chochote. Hakubishana nayo.

"Nimekuja kuwaonyesha makosa yangu," Mpimaji alianza, na darasa likainua vichwa. "Mmeshazungumza vya kutosha juu ya makosa ya mwenzenu. Sasa ya kwangu. Kwanza, niliweka sanduku juu ya mnara. Nani kati yenu anapumulia juu ya tangi la maji?"

Wakacheka.

"Sasa litakaa chini, ndani ya uzio wa waya, kwenye kimo cha pua ya mtoto. Pili, nilimpa mtu mmoja kazi ya watu wawili. Kuanzia leo mmoja anasoma kigololi, mwingine anaandika, wote wanatia sahihi. Tatu, kila wiki nitaleta bahasha moja yenye karatasi isiyotumika. Hamtaifungua. Ikirudi maabara na vumbi, tutajua kosa limeingia njiani. Nne, nililetewa fomu yenye kumi siku ishirini na mbili. Kigololi cha kweli hakitulii hivyo; karatasi ikichafuka, kinashuka. Nilipaswa kushtuka. Lakini fomu ilikuwa nadhifu, nami nilikuwa na haraka, nikaipenda."

Akagawa fomu mpya. Chini ya mahali pa saa na kigololi palikuwa na kisanduku kikubwa kilichoandikwa: Haikupimwa. Sababu.

"Kwenye fomu ya zamani kisanduku hiki hakikuwepo," alisema. "Umeme ukikatika, andika hapa. Mvua ikinyesha, andika hapa. Mtu akiogopa, aandike naogopa. Kisanduku hiki kikijazwa kwa ukweli nitaweza kukifanyia kazi. Namba ya kutunga itanipeleka nyumba isiyo na mgonjwa, na mgonjwa nimwache."

Miwani ndiye aliyechaguliwa kusoma kigololi. Safari hii hakuna aliyecheka, na Chiriku alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jioni hiyo alimkuta mama kwa mama mdogo, akimpima mteja kiuno kwa utepe. Mteja alivuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka, mama akatabasamu na kuandika. Alipoondoka, mama alimwita Chiriku akae karibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Umemwona yule? Amenidanganya kiuno. Mimi nimemwongezea inchi mbili za akiba kwenye mshono, akishindwa kupumua atarudi nitaachia. Nguo ina akiba, mwanangu. Damu ya mdogo wako haikuwa na akiba."

"Najua, mama."

"Hukuniuma kwa kuogopa. Ngazi ile hata mimi ningeiogopa. Uliniuma kwa kuificha hofu mpaka ikamwangukia asiyejua hata kusema inamuuma wapi. Ukiogopa, sema mapema, kungali na watu wa kukusaidia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kosa la siku moja ni dogo, na la wiki tano unaliona hilo." Akakunja utepe. "Lakini ulisema. Kama usingesema, leo ningekuwa nashona nguo gani, sijui."

Kibonge alikuwa sakafuni akihesabu vifungo. Alifika sita, akasita, akarudia tangu mwanzo.

"Kesho anatolewa damu tena," mama alisema. "Nataka wewe ndiye umshike mkono. Atalia, na sindano ile ni ndefu. Unaogopa?"

Chiriku wa zamani angepanda juu ya benchi.

"Naogopa, mama."

"Vizuri," mama alisema, akamvuta akaegemea bega lake. "Na mimi pia. Tutakwenda wote."